Namba 150

Mwaka wa kwanza wa uzamili nilitupa vali nzima. Ilikuwa 0A2, kichupa cha kioo kinachotosha kiganjani, kutoka kwenye redio ya kijeshi ya Marekani aina ya R-390A. Kitabu cha mafundi kilisema volti 150. Mita yangu ilisoma 145. Nikaandika katika daftari la makusanyo, "imeharibika", na vali ikaishia kwenye pipa la taka.

Profesa wangu aliuliza swali moja tu: "Hiyo 150 uliisoma kama jina au kama ahadi?"

Nikarudi kwenye karatasi za kiwanda. Kampuni ya Collins ya Cedar Rapids, Iowa, iliibuni R-390A miaka ya 1950, enzi za Vita Baridi. Ilipokea mawimbi ya megahezi 0.5 hadi 32, na ilitakiwa isihame pale ilipowekwa. Umeme wa osileta ukiyumba, masafa nayo huyumba. 0A2 iliwekwa kuzuia hilo.

Ndani ya vali hii hamna uzi wa kupashwa moto. Kuna anodi, kathodi na gesi adimu kidogo. Ili iwake huhitaji volti nyingi kuliko zile itakazoshikilia baadaye. Ikishawaka, mwanga wa zambarau hutanda juu ya kathodi. Mkondo ukiongezeka, mwanga hufunika eneo kubwa zaidi, na volti karibu hazibadiliki. Hali hiyo hudumu kati ya miliampea 5 na 30, mradi kuna rezista ya kuuzuia mkondo usipite kiasi.

Lakini vali mbili kutoka kiwanda kimoja hazikulazimika kufanana. Kiwanda kiliruhusu 0A2 mpya ishikilie popote kati ya volti 140 na 168. Kilichodaiwa ni kwamba kila moja ibaki karibu na pale ilipoanzia. Mwendeshaji wa redio hakupata hasara: R-390A ina kipimo cha kristali kinachotoa alama kila kilohezi 100, naye alirekebisha namba za masafa kwa alama hizo. Waliohitaji volti kamili zaidi walinunua vali nyingine, kama 85A2, iliyoruhusiwa kati ya 83 na 87 tu. Baadaye diodi za Zener zikachukua kazi hiyo.

Kwa hiyo 145 yangu haikuwa kasoro. Wabunifu walikuwa wamekwisha kuipa nafasi, nami nikaisoma kwa macho ya mtu aliyezoea mita za kidijitali.

Nimelisahihisha daftari. Neno "imeharibika" nimelipiga mstari mmoja ili bado lisomeke, na kando yake nimeandika: "Volti 145. Ilikuwa nzima. Niliitupa mimi." Atakayekuja kuandika historia ya redio ile ataikuta sehemu yake ikiwa tupu, na angalau atajua sababu.