Eroponiki ya viazi
Eroponiki ya viazi ni njia ya kuzalisha mbegu safi za viazi mviringo bila udongo, ndani ya banda. Nchini Kenya hutumika katika kituo cha utafiti cha KALRO, Tigoni. Miche ya maabara hupandikizwa juu ya sanduku lenye giza. Mizizi huning'inia hewani ndani yake ikipuliziwa ukungu wa maji yenye virutubisho. Giza ni lazima, kwani mwanga hugeuza kiazi kuwa kijani. Ukifunua sanduku utaona vijiazi vimening'inia kama goroli: vilivyofikia ukubwa unaofaa huchumwa kwa mkono, vichanga huachwa vinenepe. Faida kubwa ya njia hii, tena ya thamani kwa mkulima, ni kuepuka ugonjwa wa mnyauko bakteria unaojificha ardhini. Umeme ukikatika, ukungu husimama na mizizi hukauka upesi, hivyo jenereta ya akiba huhitajika.