Kadi Inavuka Mpaka, Jina Jema Linabaki

Kadi ya mkopo iliyotolewa na benki ya Nairobi hulipia chakula Toronto, hoteli Istanbul na tiketi ya treni Berlin, wala mwenye duka hana haja ya kumjua mteja wala benki yake. Lakini mwenye kadi hiyo akihamia Toronto, akapata kazi na kupanga nyumba, kisha akaomba kadi katika benki ya mtaani kwake, huenda akajibiwa kwamba hana historia. Miaka 15 ya kulipa madeni kwa wakati huko alikotoka haihesabiki. Machoni pa benki mpya ni kama amezaliwa siku aliyoshuka kwenye ndege. Wengi huichukulia hali hii kuwa sheria ya asili ya fedha: mgeni ni mgeni, na hakopesheki mpaka ajulikane. Hoja yangu ni kwamba si sheria ya asili, ni zao la historia fupi. Kwa muda mrefu sifa ya mkopaji ilisafiri pamoja naye, ilhali fedha zilisafiri kwa shida. Karne ya 20 iligeuza mambo: fedha zikavuka mipaka kwa urahisi, na sifa ikafungiwa ndani ya nchi. Mfumo huo uliundwa na watu kwa sababu zinazojulikana, na kwa hiyo watu wanaweza kuurekebisha.

Ushahidi wa kwanza uko kwenye pwani yetu. Baada ya Seyyid Said, mtawala wa Oman, kuhamishia makao yake Unguja kutoka Muscat, biashara ya pembe za ndovu, karafuu na ile biashara haramu ya kuuza binadamu ziliendeshwa kwa mikopo tangu bandarini hadi ndani kabisa ya bara. Wenye mtaji walikuwa hasa wafanyabiashara wa Kihindi, wengi wao kutoka Kutch. Nyumba ya Jairam Shivji ilikodi forodha ya Unguja kwa miongo kadhaa, na mwaka 1876 forodha hiyo ikaingia mikononi mwa Taria Topan, Khoja aliyefika Unguja akiwa mtoto. Matajiri hao walikuwa wageni waliowakopesha wageni wenzao. Mwenye msafara alichukua merikani, shanga na nyaya za shaba kwa mali kauli, yaani kwa mkopo, akaelekea Tabora, Ujiji na Manyema, akalipa kwa pembe aliporudi. Tippu Tip, mmoja wa wenye misafara hao, aliondoka pwani karibu na mwaka 1870 akiwa na mali ya mkopo, Taria Topan akiwa miongoni mwa wadai wake wakuu, na hakurudi Unguja mpaka mwaka 1882. Mdai alisubiri zaidi ya miaka 10. Aliweza kusubiri kwa sababu alimjua mkopaji kupitia wengine: baba yake Tippu Tip alikuwa mfanyabiashara mwenye makazi Tabora, mawakala walikuwa njiani kote, na habari za kila msafara zilirudi pwani pamoja na wapagazi. Aliyekula mali ya watu hakuwa na pa kukimbilia, maana jina lake baya lingemtangulia hadi Muscat na Bombay. Kwa njia hiyohiyo hundi iliyoandikwa Unguja ililipwa Kutch, kwa kuwa mwandikaji na mlipaji walifahamiana.

Atakayesema kwamba naupamba mfumo ule ana haki ya kusikilizwa. Mlango wake ulikuwa mwembamba: ulifunguka kwa ukoo, kwa madhehebu na kwa wanaume wenye jamaa wenye uwezo. Riba ilifichwa ndani ya bei ya bidhaa, na mkopo ndio uliolisha misafara iliyovunja vijiji na kuwatia watu minyororo. Sitamani kuurudisha. Ninachokichukua humo ni ushahidi wa jambo moja tu, kwamba umbali na ugeni havikutosha kuzuia mkopo pale habari za mkopaji zilipoweza kusafiri. Historia iliyofuata inaonyesha upande wa pili wa jambo hilo. Mwaka 1903 serikali ya Kiingereza katika Himaya ya Afrika Mashariki ilipitisha sheria ya kuzuia biashara ya mkopo na wenyeji, na mwaka 1931 Tanganyika nayo ikaweka sheria ya namna hiyo. Asiyekuwa Mwafrika aliyemkopesha Mwafrika bila kibali cha serikali hakuweza kumdai mahakamani. Watawala walisema wanamkinga mwenyeji dhidi ya madeni. Matokeo yake ni kwamba mfanyabiashara Mwafrika, hata awe mwaminifu namna gani, hakuwa na njia ya kujijengea sifa ya mkopo mbele ya wauzaji wa jumla. Alifanywa mgeni katika nchi aliyozaliwa. Tangu hapo ilikuwa wazi kwamba kukopesheka kwa mtu kunategemea pia dola inaamua nini juu ya daftari lake la madeni, pamoja na tabia yake mwenyewe.

Nako Ulaya, tangu kabla ya sheria hizo, watu walikuwa wakitafuta njia ya kumwezesha msafiri kupata fedha mbali na kwao. Mtu mwenye nafasi alibeba barua ya benki yake iliyoandikiwa mabenki ya miji mingine, ikitaja kiasi alichoruhusiwa kuchukua. Barua ile ilibeba fedha na sifa kwa pamoja, kwani ilimtambulisha mtu kwa jina na kumdhamini. Mwanzoni mwa miaka ya 1770 Robert Herries wa London alianza kuuza hati ambazo msafiri aliweza kuzibadili katika miji mingi ya Ulaya, na karne moja baadaye kampuni ya Thomas Cook ikafanya vivyo hivyo kwa watalii wake. Mwaka 1891 American Express ilitoa hundi za wasafiri baada ya mkuu wake, J. C. Fargo, kusumbuka na barua ya benki alipokuwa nje ya miji mikubwa ya Ulaya. Hundi hizo zilitaka saini mbili tu: moja wakati wa kununua, nyingine wakati wa kutumia. Ulikuwa uvumbuzi wa manufaa makubwa, lakini tazama ulichoacha nyuma. Mwenye hundi alikuwa amekwisha kulipa kabla ya safari. Mwenye hoteli hakuhitaji tena kujua kama mgeni wake ni mwaminifu, alihitaji kuiamini kampuni iliyotoa hundi. Hapo ndipo fedha na sifa ya mtu zilipoanza kutengana.

Kadi ilikamilisha utengano huo. Diners Club ilianza New York mwaka 1950 kwa walaji wa mikahawani waliotakiwa kulipa deni lote kila mwezi. Septemba 1958 Bank of America ilituma kadi 60,000 kwa wakazi wa Fresno, California, bila hata mmoja wao kuomba. Benki ilikadiria kwamba asilimia 4 ya akaunti zingechelewa kulipwa. Zilizochelewa zikafika asilimia 22, na wizi ukashamiri. Mwaka 1966 Barclays ilileta kadi ya mfumo huo Uingereza, na nchi nyingine zikafuata kwa majina mbalimbali, mpaka mwaka 1976 yote yalipounganishwa chini ya jina Visa. Makubaliano hayo yanastahili kukumbukwa. Mabenki yaliyoshindana, katika nchi zenye sheria na sarafu tofauti, yalikubali kuheshimu kadi za wenzao kwa sababu kila moja liliona faida yake. Yalikubaliana juu ya malipo. Hayakukubaliana juu ya kupeana habari za mlipaji.

Habari hizo zilikuwa zikikusanywa mahali pengine. Lewis Tappan alifungua wakala wa taarifa za wafanyabiashara New York mwaka 1841, na mwaka 1899 ikaanzishwa Atlanta kampuni ambayo leo inaitwa Equifax. Ujerumani, Schufa ilizaliwa Berlin mwaka 1927 kutokana na kampuni ya umeme iliyowauzia wateja vifaa vya nyumbani kwa malipo ya awamu. Kila daftari liliandikwa kwa ajili ya soko la mji wake, kisha la taifa lake, na sheria zikalikuta humo humo. Marekani ilimpa mtu haki ya kuona na kupinga taarifa zake kwa sheria ya mwaka 1970, na sheria ya mwaka 1974 ikakataza kumnyima mtu mkopo kwa sababu ya jinsia au ndoa. Miaka miwili baadaye rangi, dini na asili ya taifa vikaongezwa. Hayo ni mafanikio ya kweli, na hapa nawakubalia wanaosema kwamba daftari lisilojua ukoo wa mtu lilifungua milango ambayo Unguja ya Taria Topan isingeifungua. Mwanamke aliyehitaji saini ya mumewe aliachiliwa na sheria ile. Lakini alama za mkopo za FICO, zilizoanza kutumika kwa upana kuanzia mwaka 1989, hazitolewi kabisa kwa mtu asiye na angalau akaunti moja yenye umri wa miezi 6 ndani ya Marekani. Asilimia 35 ya alama hutokana na rekodi ya malipo na 15 na urefu wa historia. Aliyelipa mkopo wa nyumba Dar es Salaam kwa miaka 10 anaanza na ukurasa mtupu, sawa na kijana ambaye hajawahi kukopa.

Ndiyo maana mhamiaji hupita njia za mzunguko. Huko Marekani yeye huweka amana benki ili apewe kadi yenye kikomo kinacholingana na fedha zake mwenyewe, au ndugu aliyetangulia humwingiza katika akaunti yake. England, kampuni za taarifa za mikopo hutumia daftari la wapigakura kuthibitisha jina na anwani. Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wanaoishi huko kihalali wanaweza kujiandikisha kwa kuwa nchi zao zimo katika Jumuiya ya Madola. Mkongomani na Mrundi kwa kawaida hawawezi. Watu wawili wenye kazi moja na mshahara mmoja hutofautiana kwa sababu ya uanachama wa nchi zao katika jumuiya hiyo. Katika Falme za Kiarabu, ofisi ya taifa ya taarifa za mikopo ilianza kazi mwaka 2014, na bado barua ya mwajiri na mshahara unaopitia benki husika ndivyo vinavyobeba uzito; mgeni akipoteza kazi, hupoteza na mdhamini. Njia zote hizi zinathibitisha kwamba mdhamini hajaondoka. Leo ni amana, ndugu, mwajiri au daftari la kura, wakati ushahidi ulio bora kuliko yote hayo, yaani jinsi mtu alivyolipa madeni yake, umelala katika kabati la nchi nyingine.

Mkopeshaji atajibu kwamba mgeni anaweza kupanda ndege na kutoweka, na mahakama za nchi moja hazimfikii mdaiwa aliye nchi nyingine. Hofu hiyo ina msingi. Lakini tuiangalie vizuri: daftari lililofungwa mpakani ndilo linalompa mkimbiaji kinga. Anayeacha deni Dubai hupata Nairobi ukurasa safi, na aliyelipa kila senti Nairobi hupata Dubai ukurasa mtupu. Mpaka huwatendea wote wawili kana kwamba ni watu wa aina moja, na hasara inamwangukia mwaminifu. Rekodi inayosafiri ingemwezesha mkopeshaji kuwatofautisha, kama habari za misafara zilivyowatofautisha wakopaji wa Unguja.

Pingamizi zito zaidi ni la faragha na makosa. Taarifa zikisafiri, makosa nayo husafiri. Kenya imeonja uchungu huo. Ofisi za taarifa za mikopo zilianza kwa kupokea habari za wasiolipa tu, na mikopo ya simu ilipoenea watu wengi waliorodheshwa kwa vijisenti, mpaka Aprili 2020 Benki Kuu ilipozuia kuorodheshwa kwa madeni yaliyo chini ya shilingi 1,000 na kuwaondoa wakopeshaji wa kidijitali wasiodhibitiwa katika mfumo huo. Nakubali kwamba orodha ya wabaya haifai kuvushwa mpaka. Kinachofaa ni rekodi kamili, yenye mema na mabaya, inayotolewa kwa idhini ya mwenyewe, naye akiwa na haki ya kuiona na kuisahihisha kwanza. Tayari sheria nyingi zinampa haki ya kupata nakala. Hatua iliyobaki ni kumwezesha kuipeleka mahali itakapoaminiwa, na tangu miaka ya 2010 kampuni chache zimeonyesha kwamba kitaalamu inawezekana.

Tuanzie karibu. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, inayomruhusu mfanyakazi kuhama kati ya nchi wanachama, ilianza kutumika Julai 2010. Kanuni za ofisi za taarifa za mikopo zilitungwa Kenya na Tanzania katika kipindi hichohicho, kila nchi ikiandika zake. Tukamruhusu mtu avuke mpaka wa Namanga, tukaiacha sifa yake upande wa pili. Benki kuu zetu zikikubaliana muundo mmoja wa rekodi na utaratibu mmoja wa idhini, zitakuwa na msimamo wa pamoja wa kuupeleka London, Muscat au Toronto, ambako maelfu ya watu wetu wanafanya kazi na kulipa kodi. Mabenki yaliyoweza kuafikiana juu ya kadi mwaka 1976, kompyuta zikiwa bado ghali na mawasiliano yakiwa ya shida, hayana sababu ya kiufundi ya kushindwa kuafikiana juu ya uaminifu wa mwenye kadi. Kinachokosekana ni mamlaka za fedha kuitambua rekodi ya mlipaji kuwa mali yake, aliyoichuma kwa jasho na anayostahili kuhama nayo.