Madereva wa Njia ya Zambia

Ndugu wanachama, tukiwataja walioisaidia Zambia, twaisifu reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976. Lakini walitangulia madereva. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru tarehe 11 Novemba 1965, Zambia ilikatiwa mafuta yaliyopitia huko. Ndipo waliojua usukani walipoyaaga makwao, wakavuka mpaka wa Tunduma na mapipa ya mafuta, wakarudi Dar es Salaam na shaba. Barabara ilikuwa ya udongo: masika malori yalizama topeni, na kwenye miteremko mengine yalipinduka, madereva wakafa. Wazungu waliiita Njia ya Jehanamu, wala hawakukosea. Bomba la mafuta lilifika Ndola mwaka 1968, lami ikafuata. Miaka hiyo yote, mashambani jembe lilibaki mikononi mwa wake zao.