Chama cha wenye maduka wa Dar es Salaam

Mwaka 1934 Waafrika wenye maduka madogo wa Dar es Salaam walianzisha chama chao, African Commercial Association. Aliyewakusanya ni Erica Fiah, mzaliwa wa Uganda aliyehamia mjini baada ya Vita Kuu ya Kwanza, naye mwenyewe akiwa muuza duka. Katika historia tuliyofundishwa shuleni, African Association inaanzishwa 1929, TANU inazaliwa 1954, na katikati hapo Fiah na wenzake wanarukwa. Hawakustahili kurukwa.

Wakati ule wafanyabiashara wengine walikuwa na vyombo vyao. Wazungu walikuwa na Chamber of Commerce, Wahindi wana Indian Association. Nguvu ya Wahindi ilionekana 1923, walipofunga maduka kwa majuma kadhaa kupinga kodi ya faida na masharti ya lugha ya kuandikia vitabu vya hesabu. Wengi wao waliandika kwa Kigujarati. Mwafrika mwenye duka hakuwa na pa kusemea.

Duka lake lilikuwa la sabuni ya vipande, mafuta ya taa ya kupima, chumvi, viberiti na unga wa kibaba. Mali ilitoka kwa Mhindi wa jumla, na hapo ndipo palipokuwa na kisiki: sheria ya kuzuia mikopo kwa Waafrika. Asiye Mwafrika akimkopesha Mwafrika, hakuweza kumdai mahakamani mpaka awe na kibali cha maandishi cha ofisa wa serikali. Serikali ilidai kwamba inamkinga Mwafrika asizame katika madeni. Kinga gani hiyo? Tajiri wa jumla hakuona sababu ya kutoa mali kauli, labda kwa anayemwamini sana, na mwenye duka akabaki kununua kadiri ya shilingi zilizomo mfukoni. Wiki asipouza vizuri, rafu zinabaki tupu.

Punde chama kikaongeza ustawi wa jamii katika jina lake, kikawa African Welfare and Commercial Association. Kwa maoni yangu, hapo ndipo kilipoanza kuwatia hofu wakubwa. Waliojaza African Association ya mjini walikuwa makarani na walimu, watu wa mshahara, na wengi mshahara huo waliupata serikalini. Mwenye duka hana bosi wa kumwachisha kazi. Fiah, msomaji wa maandishi ya Marcus Garvey, mtetezi wa watu weusi, aliutumia uhuru huo: Novemba 1937 akatoa gazeti la Kiswahili, Kwetu, akiandika manung'uniko ya Waafrika wa mjini bila kuomba radhi. Hakuwa mtu mwepesi kuelewana naye. Alivutana na viongozi wa African Association, na vyama viwili vikawa vinagombea watu walewale wa Kariakoo na Ilala.

Chama chake hakikudumu. Kwetu liliendelea hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, lakini safari ya siasa iliendelezwa na African Association. Baada ya Azimio la Arusha, 1967, biashara ya jumla ilipoingia mikononi mwa mashirika ya umma, sauti ya mwenye duka ilififia zaidi. TCCIA, chemba ya wafanyabiashara, wenye viwanda na wakulima, iliundwa 1988, milango ya soko ilipoanza kufunguliwa. Mei 2023, wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka kulalamikia mambo ya kodi, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikwenda kuwasikiliza.

Kumbukumbu za wenye maduka wa zamani hazikuishia serikalini. Nyingine ni daftari za madeni, stakabadhi na kadi za uanachama zilizofungiwa masandukuni katika nyumba za Kariakoo, na nyumba hizo zinabomolewa kupisha maghorofa. Msomaji mwenye sanduku la namna hiyo la babu yake, kabla hajaliuza kwa wanunua karatasi, alipeleke kwanza Nyaraka za Taifa wakaliangalie.