Utenganishaji kwa Sumaku: Chuma Kinapokuwa Taka na Kinapokuwa Mali

Nassa, wilayani Busega katika mkoa wa Simiyu, ni nchi ya pamba. Huko kuchambua pamba ni kutoa mbegu ili nyuzi zibaki safi. Wachakataji wa madini ya viwandani wana kazi ya namna hiyo: kutoa uchafu wa chuma katika kaolini, feldispa au mchanga wa silika. Chombo chao ni sumaku, na kazi yenyewe huitwa utenganishaji kwa sumaku.

Chuma kidogo tu huharibu mengi. Mchanga wa kutengenezea chupa zisizo na rangi hutakiwa uwe na oksidi ya chuma isiyozidi takriban asilimia 0.03; ikizidi, kioo hutoka na ukijani. Kaolini yenye chuma, ikichomwa tanuruni, hupoteza weupe, na weupe ndio unaofanya udongo wa aina hiyo, kama ule wa vilima vya Pugu karibu na Dar es Salaam, utafutwe na viwanda.

Madini hayaitiki sumaku kwa namna moja. Magnetiti hunaswa upesi; ngoma inayozunguka yenye sumaku ya tesla 0.1 hadi 0.2 humaliza kazi. Hematiti na ilmeniti huvutwa kwa unyonge, hivyo huhitaji sumaku za neodimi au sumaku-umeme zenye nguvu kubwa zaidi. Kwatzi na kaolini hazivutwi, na hapo ndipo njia zao na chuma zinapoachana.

Ugumu huja chembe zinapokuwa laini kama vumbi. Tangu miaka ya 1970, viwanda vya kaolini vya Marekani vimekuwa vikiukoroga udongo katika maji na kuupitisha kwenye nyuzi nyembamba za chuma cha pua, ndani ya sumaku-umeme ya takriban tesla 2. Nyuzi hukamata uchafu, kaolini hupita. Umeme ukizimwa, nyuzi huachia uchafu na kusafishwa kwa maji.

Baadhi ya watu wangependa kuiita kazi hii "uondoaji chuma". Kwale, pwani ya Kenya, inaonyesha kwa nini jina hilo halitoshi. Kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024, kampuni ya Base Titanium ilichimba huko mchanga wenye ilmeniti, rutili na zirkoni. Sumaku ilivuta ilmeniti, ambayo ni oksidi ya chuma na titani, nayo ilikuwa bidhaa ya kuuzwa. Rutili na zirkoni zilibaki, kisha zikatenganishwa kwa umeme tuli. Neno "utenganishaji" linafaa kote, kwa kuwa halihukumu upande upi ni taka. "Uondoaji chuma kwa sumaku" libaki kwa kazi ya kusafisha peke yake.

Lakini utenganishaji kwa sumaku una mpaka wake. Karibu na Nassa kuna kilima cha Ngasamo, chenye nikeli katika udongo wa laterati. Katika amana za namna hiyo, nikeli aghalabu imejifunga ndani ya oksidi za chuma zenyewe. Sumaku hutenganisha chembe na chembe. Haiwezi kuchomoa kilicho ndani ya chembe moja. Kazi ya namna hiyo huachiwa asidi au tanuri.