Huduma za VVU kwa Wajawazito na Wazazi Wapya Kwale

Kumkinga mtoto asiambukizwe virusi vya ukimwi na mamaye ni kazi inayoanza mimba ingali changa, ikaisha mtoto anapoachishwa ziwa. Bila kinga yoyote, kati ya watoto 15 na 45 katika kila 100 wanaozaliwa na mama wenye virusi huambukizwa tumboni, wakati wa uchungu au kwa kunyonya. Dawa zikitumiwa sawasawa, idadi hushuka chini ya 5. Katika Kaunti ya Kwale, pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Ukunda na Diani hadi Msambweni na Lunga Lunga, dawa ilipatikana mapema. Kilichochelewa ni njia ya kumwezesha mama kuendelea nayo.

Kenya ilitambua mgonjwa wake wa kwanza wa ukimwi mwaka 1984. Mwaka 1994 utafiti wa Marekani na Ufaransa ulionyesha kwamba dawa ya AZT hupunguza maambukizi ya mtoto kwa thuluthi mbili, lakini bei na ratiba yake vilikuwa nje ya uwezo wa hospitali za wilaya. Mwaka 1999 jawabu rahisi zaidi lilitoka Kampala, katika hospitali ya Mulago: kidonge kimoja cha nevirapini cha miligramu 200 kwa mama uchungu unapoanza, na matone machache kwa mtoto ndani ya saa 72. Maambukizi yalipungua karibu nusu. Novemba mwaka huohuo Rais Moi alitangaza ukimwi kuwa janga la kitaifa, na miaka iliyofuata upimaji ukaingizwa katika kliniki za wajawazito.

Mpango huo wa kidonge kimoja ulichukulia kwamba mama angejifungulia hospitalini. Lakini takwimu za kitaifa za 2008 na 2009 zilionyesha kuwa watoto 43 tu katika kila 100 walizaliwa katika vituo vya afya. Vijijini Kwale, mkunga wa jadi alikuwa jirani, na hospitali ilikuwa mbali. Kwa hiyo mama aliweza kupewa kidonge aende nacho nyumbani. Ilimbidi akihifadhi kwa wiki kadhaa, mara nyingi akiwaficha mume na mama mkwe, akimeze saa ya uchungu, kisha amfikishe mtoto kituoni kabla ya siku tatu kwisha. Na kidonge hicho hakikumkinga mtoto katika miezi yote ya kunyonya.

Suala la ziwa lilikuwa gumu zaidi. Mama waliwahi kushauriwa watumie maziwa ya kopo kama wanayamudu, lakini pwani mzazi asiyenyonyesha huulizwa sababu. Mwaka 1999 utafiti wa Durban ulibainisha kuwa hatari kubwa iko katika kuchanganya maziwa ya mama na vyakula vingine. Ndipo ushauri ukaelekea kwenye kunyonyesha pekee kwa miezi sita. Ushauri huo nao ulikutana na mila: mtoto huonjeshwa tende au asali akizaliwa, hupewa maji kwa ajili ya joto, na mwenye kauli ni bibi anayemwangalia mzazi katika arobaini. Mimba ya kwanza mwanamke huenda kujifungua kwao, mbali na kliniki inayomjua. Kipimo cha kwanza cha mtoto, ambapo damu ya kisigino hudondoshewa karatasi, ikakaushwa na kupelekwa maabara, hufanywa akiwa na wiki sita. Hizo ni siku 42: mzazi ametoka arobaini juzi tu, na pengine hajarudi kwa mumewe.

Dawa za kupunguza makali ya virusi zilitolewa bure katika vituo vya serikali kuanzia 2006. Mwaka 2011 Malawi iliamua kila mjamzito mwenye virusi aanze dawa za maisha bila kusubiri kudhoofika, na Kenya ikafuata katika mwongozo wa 2014. Mama sasa alipimwa na kuanzishwa dawa siku moja, akiwa mzima, kabla ya kuzungumza na mumewe. Malawi iligundua kwamba walioanza wakiwa wajawazito walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kutorudi kabisa baada ya siku ya kwanza kuliko wanawake walioanza kwa kuugua. Nchini Kenya sheria ya ukimwi ya 2006 iliongeza hofu, kwa kuwa kifungu chake cha 24 kilimtishia kwa adhabu aliyemficha mwenzi hali yake. Mahakama Kuu ilikibatilisha Machi 2015.

Marekebisho yaliyofuata yalilenga mwanya huo wa mama kuanza dawa na kutorudi. Dawa za mama zilihamishiwa kliniki ya mama na mtoto, ili asionekane akipanga foleni CCC, kliniki ya wenye virusi, na kadi za wawili hao zikawekwa pamoja hadi kipimo cha mwisho cha mtoto. Mtindo wa mama washauri, ulioanzia Cape Town mwaka 2001, uliwaajiri wanawake waliopitia njia hiyohiyo kuwapigia simu na kuwatembelea waliokosa siku ya kliniki. Huduma ya uzazi ilifanywa bure Juni 2013, na kufikia 2022 watoto 82 katika kila 100 nchini walizaliwa vituoni.

Mianya mingine ilibaki. Wafanyakazi wa hoteli za Diani huhama watalii wanapopungua, na jamaa za Wadigo wako pande zote mbili za mpaka wa Horohoro, hivyo mama huweza kuanza dawa Msambweni akajifungulia Tanga. Mgomo wa wauguzi wa Juni hadi Novemba 2017 ulifunga kliniki nyingi nchini. Mwaka 2023 serikali ilizindua wahudumu 100,000 wa afya ya jamii wanaolipwa posho. Januari 2025 Marekani ilisitisha misaada, na mipango mingi iliyowalipa mama washauri ikayumba. Tangu hapo ufuatiliaji wa mama na mtoto unategemea zaidi bajeti ya kaunti, muuguzi wa kliniki na mhudumu wa kijiji.