Vijiji Vilivyoitangulia Sheria ya Misitu

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wapima ardhi walipita katika vilima vya Duru-Haitemba, wilayani Babati, wakiweka mipaka. Serikali ilikusudia kuufanya msitu huo wa miombo, wenye hekta 9,000 hivi, kuwa hifadhi yake. Nia ilikuwa kuuokoa, maana miti ilikuwa ikipukutika. Wanavijiji walielewa vingine: kuni, dawa, malisho na vyanzo vya maji vilikuwa vinaondoka mikononi mwao. Wakawahi kuchuma kabla hawajafungiwa. Ukataji ukazidi.

Hofu hiyo haikuzuka tu. Wajerumani walitoa amri ya kulinda misitu mwaka 1904, nao Waingereza wakatunga sheria yao mwaka 1921. Chini ya tawala zote mbili, msitu uliotengwa ulikuwa mali ya serikali, na aliyekata mti humo bila kibali alikuwa mhalifu. Baada ya uhuru mabwana misitu walikuwa Watanzania, lakini kazi ilibaki ileile: kutoa leseni, kukamata, kutoza faini. Tena walikuwa wachache mno kwa eneo walilopewa kulinda.

Babati mpango ulikwama. Vijiji vinane vinavyouzunguka msitu vilikataa, na badala ya kutumia nguvu, wilaya ikakubali kujaribu njia nyingine. Ushauri ulitoka kwa Liz Wily, mtaalamu wa masuala ya ardhi aliyefanya kazi chini ya mradi uliofadhiliwa na Sweden. Swali lililopelekwa kwenye mikutano ya vijiji lilikuwa jepesi: mkiachiwa msitu huu, mtautunzaje?

Majibu yaliwashangaza maofisa. Mambo ambayo watu walikuwa wameyatetea serikali ilipotaka kuyazuia, sasa waliyapiga marufuku wenyewe: kuchoma mkaa, kupasua mbao, kufyeka mashamba mapya. Kuokota kuni kavu na kuchimba dawa kuliruhusiwa. Kila kijiji kilikubaliana na jirani zake sehemu ya msitu itakayokuwa chini yake, kikaunda kamati na kuteua vijana wa doria. Kufikia mwaka 1995 kanuni hizo zilikuwa sheria ndogo, kwa mamlaka ambayo sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 ilikuwa tayari imevipa vijiji. Kwa maneno mengine, chombo kilikuwepo miaka yote hiyo. Hakuna aliyekuwa amekitumia kwa msitu.

Habari zilisambaa. Mgori, mkoani Singida, vijiji vitano vilikabidhiwa msitu mkubwa kuliko ule wa Babati mara kadhaa. Wilayani Kiteto, vijiji tisa vya wakulima na wafugaji vikaungana kusimamia zaidi ya hekta 160,000 kwa jina la SULEDO, yaani Sunya, Lengatei na Dongo. Mwaka 2002 SULEDO ikapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa.

Sera na sheria za taifa, basi, hazikutangulia; vijiji vilitangulia. Sera ya Taifa ya Misitu ilipotoka mwaka 1998 ilitambua wazi kwamba wananchi wanaweza kumiliki na kusimamia misitu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 iliimarisha haki ya kijiji juu ya ardhi yake, kisha Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ikaupa msitu wa hifadhi wa kijiji nafasi yake kisheria.

Hata hivyo sheria hiyo ilifungua milango miwili isiyolingana. Msitu ukiwa ndani ya ardhi ya kijiji, kijiji ndicho kinachopanga uvunaji na kubaki na mapato. Wilayani Kilwa, vijiji kama Kikole na Kisangi vilitumia mlango huo: kwa msaada wa shirika la uhifadhi wa mpingo, mwaka 2009 misitu yao ilipata FSC, cheti cha kimataifa cha usimamizi bora wa misitu, na mbao zao zikaanza kuuzwa kwa mpango. Msitu ukiwa hifadhi ya serikali, kijiji kinaalikwa kuulinda kwa ubia, na hapo ndipo ugomvi ulipobaki. Kwa miaka mingi wanavijiji walifanya doria katika misitu ya milima inayotunza maji, ambako uvunaji haukuruhusiwa kabisa au ulibanwa sana, huku mgao wa mapato baina yao na serikali ukiwa haujaamuliwa. Walipewa kazi ya bwana misitu bila mshahara wake.